USO UKIPINDA, LINDA JICHO
Somo juu ya neva 12 za kichwa



Somo letu safari hii linaanza na kijana mmoja wa boda boda wa upande wa Malaba. Asubuhi moja aliamka, akasukutua mdomo, maji yakamwagika kwa pembeni. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki: mdomo umevutwa kushoto, na jicho la kulia halifungi. Nyumbani watu walishtuka. Wengine walisema amepigwa na upepo wa usiku. Wengine wakasema ni mkono wa mtu, maana wiki ile alikuwa amegombana na mwenzake stejini. Basi pesa zikachangwa, akapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mpaka, akachanjwa shavuni na kupakwa dawa.

Baada ya miezi miwili uso ulirudi, na mganga akasifiwa. Lakini jicho la kulia lilikuwa limeota doa jeupe, na hadi leo haoni nalo vizuri. Kumbe ugonjwa wake ulikuwa wa aina ambayo mara nyingi hupona. Kilichoharibu jicho ni ukavu na vumbi la wiki nane, kwa sababu hakuna aliyemwambia alifunike. Sisi tuliochanga zile pesa tulikuwa na nia njema, ila hatukujua. Ndiyo maana tumeandika somo hili, ili kikundi chako kijue mapema kuliko sisi.

NEVA NI NINI?

Neva ni nyuzi nyembamba zinazobeba habari kati ya ubongo na mwili. Wengine huziita mishipa ya fahamu. Yafaa tusizichanganye na mishipa ya damu. Mshipa wa damu ukikatwa unatoa damu. Neva ikikatwa, sehemu yake inanyamaza: ama haisikii kitu, ama haisogei, ama yote mawili.

Neva nyingi za mwili hupitia kwenye uti wa mgongo. Lakini ziko jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo na kupitia matundu ya fuvu. Kila jozi ina neva ya kulia na ya kushoto. Madaktari wamezipa namba, kuanzia mbele kwenda nyuma. Hizi hapa, pamoja na dalili za kila moja ikiumia:

Neva ya 1: kunusa. Ikiumia, mtu hasikii harufu, na chakula hupoteza utamu.

Neva ya 2: kuona. Ikiumia, jicho linafifia au linapofuka, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Neva ya 3: kuinua kope, kukaza mboni mwanga ukija, na kusogeza jicho pande nyingi. Ikiumia, kope linaanguka, mboni inabaki kubwa, na jicho linaelekea nje.

Neva ya 4: kulielekeza jicho chini, kama unaposhuka ngazi. Ikiumia, mtu huona vitu viwiliviwili akitazama chini, na mara nyingi huinamisha kichwa upande.

Neva ya 5: kusikia mguso, maumivu, joto na baridi usoni, na pia kutafuna. Ikiumia, uso unakufa ganzi na taya linalegea.

Neva ya 6: kulipeleka jicho upande wa nje. Ikiumia, jicho linavutwa kuelekea puani.

Neva ya 7: kusogeza misuli ya uso: kukunja paji, kufunga jicho, kucheka, kupiga mluzi. Pia huleta machozi, mate, na ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Ikiumia, uso unapinda.

Neva ya 8: kusikia sauti na kuweka mwili sawasawa. Ikiumia, mtu anakuwa kiziwi, masikio yanavuma, au anayumba kama mlevi.

Neva ya 9: ladha ya nyuma ya ulimi na kusikia mguso kooni. Ikiumia, kumeza kunakuwa na shida.

Neva ya 10: kumeza na kutoa sauti. Hii hushuka mpaka kifuani na tumboni, ikisaidia kuongoza moyo na utumbo. Ikiumia kooni, sauti inakwaruza na maji yanarudi kwa pua.

Neva ya 11: kuinua mabega na kugeuza shingo. Ikiumia, bega linashuka.

Neva ya 12: kusogeza ulimi. Ikiumia, ulimi ukitolewa nje unaelekea upande ulioumia.

Usijali kama huwezi kuzikariri zote leo. Kwa somo hili tushike mbili kwanza: ya 5 na ya 7.

KUPEPESA NI KAZI YA NEVA MBILI

Simama kando ya barabara kuu lori likipita wakati wa kiangazi. Vumbi linapaa, na kabla hujafikiri, macho yamefungwa. Nani alitoa amri? Neva ya 5 ilisikia vumbi juu ya kioo cha jicho, ikapeleka habari ndani. Neva ya 7 ikapokea amri, ikafunga jicho. Machozi yakaosha. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Neva ya 5 ni kama mlinzi anayepiga kelele, na neva ya 7 ni yule anayekimbia kufunga mlango. Neva ya 7 ikifa, mlinzi anapiga kelele lakini mlango haufungwi: jicho linauma, linakauka, linakuwa jekundu. Neva ya 5 ikifa, hakuna anayepiga kelele. Hapo mtu anaweza kukaa na punje ya mchanga jichoni siku nzima bila habari. Zikifa zote mbili, jicho limeachwa wazi bila mlinzi, na kupofuka kuko karibu.

Kwa hiyo maumivu ya jicho ni jambo la kushukuru. Jicho jekundu lisilouma ndilo la kuogopwa zaidi kwa mtu aliyekufa ganzi usoni.

USO UMEPINDA: JE, NI KIHARUSI AU NEVA YA 7?

Uso ukipinda ghafla, kuna mambo mawili makubwa ya kufikiria. La kwanza ni kiharusi, yaani damu imeziba au imepasuka ndani ya ubongo. La pili ni kuumia kwa neva ya 7 yenyewe, ikiwa imeshatoka kwenye ubongo.

Mwambie mgonjwa afanye mambo mawili: akunje paji la uso kama anayeshangaa, na afumbe macho kwa nguvu.

Kama paji linakunjika pande zote mbili na macho yote yanafumba, lakini mdomo umepinda, mara nyingi shida iko ndani ya ubongo. Kama upande mmoja wote umelala, paji halikunjiki na jicho halifumbi, mara nyingi ni neva ya 7.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mama mwenye watoto wawili wanaomtumia pesa, mmoja Nairobi na mwingine Kampala. Wa Nairobi akifutwa kazi, mama bado anakula, kwa kuwa wa Kampala anatuma. Paji la uso liko hivyo: linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Upande mmoja ukipigwa na kiharusi, wa pili unasaidia. Mdomo wa chini ni kama jirani mwenye mtoto mmoja tu. Huyo akikosa, nyumba inalala njaa. Lakini daraja la kuingia kijijini likisombwa na maji, hata wakituma wote hakuna kinachofika kwa yeyote. Daraja hilo ni neva ya 7.

Tafadhali sana, kipimo hiki si cha kukufanya ubaki nyumbani. Kipo ili ujue la kumwambia daktari. Kwa hali zote mbili mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kuna mkono au mguu uliolegea, maneno yanayokwama, kichwa kinachouma vibaya au fahamu zinazopotea, usingoje hata chai iive. Ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Angalia saa ambayo dalili zilianza na uitaje hospitalini. Usimpe chakula wala maji njiani, maana neva za kumeza huenda zimepigwa na uji ukaingia mapafuni.

UGONJWA WA YULE KIJANA

Ugonjwa wa kijana wetu unaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa Uskoti aliyeeleza kazi ya neva hii miaka ya 1820. Neva ya 7 hupita ndani ya tundu refu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba, haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Uso hupinda kwa saa chache au siku mbili tatu, mara nyingine baada ya maumivu nyuma ya sikio.

Yeyote anaweza kuupata. Wenye kisukari na akina mama wajawazito wa miezi ya mwisho huupata zaidi. Virusi vya Ukimwi pia vinaweza kuleta hali hii, hata kabla ya dalili nyingine. Kwa hiyo mhudumu akikuomba upimwe, usidhani amekutukana, anatafuta chanzo.

Kati ya wagonjwa 10, kama 7 hivi hupona kabisa hata bila dawa. Hapo ndipo sifa za mganga zinapotokea! Lakini dawa ya prednisoloni, ikianzwa ndani ya siku 3 kwa maagizo ya daktari, huongeza idadi ya wanaopona vizuri. Siku hizo 3 ndizo sisi tulizimaliza tukibishana nani amemroga.

Si kila uso uliopinda ni Bell. Sikio linalotoa usaha muda mrefu laweza kula mfupa na kufika kwenye neva hii. Mkanda wa jeshi sikioni waweza kuipiga pia. Na katika nchi yetu hii ya mpakani, tusisahau ukoma.

ALUPE INATUKUMBUSHA NINI

Ukitoka Busia kwenda Malaba unapita Alupe. Vijana wa leo wanalijua jina hilo kwa chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2022, au kwa maabara ya KEMRI iliyopima madereva wa malori wakati wa korona mwaka 2020. Lakini waulize wazee. Kwao Alupe ilikuwa mahali pa wagonjwa wa ukoma. Tangu enzi za ukoloni wagonjwa walipelekwa pale, na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki kilikuwa hapo. KEMRI ilipoanzishwa mwaka 1979, kituo kikaja kuwa chini yake. Upande wa Uganda nako kulikuwa na Buluba, hospitali nyingine iliyojulikana kwa kazi hiyo hiyo.

Wengi wetu tulisikia juu ya ukoma kanisani kabla ya kuuona kijijini, tukadhani ni laana inayokata vidole. Sivyo. Ukoma unaletwa na kijidudu ambacho Gerhard Hansen wa Norway alikigundua mwaka 1873. Kijidudu hicho hupenda ngozi na neva, hasa sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo kama uso, masikio, mikono na miguu. Vidole haviozi vyenyewe. Neva zinakufa, mtu hasikii moto wa jiko wala mwiba, anaumia mara kwa mara bila kujua, na vidonda ndivyo vinavyomaliza vidole.

Usoni ni vile vile. Vitawi vya neva ya 7 vinavyofunga jicho hupita karibu na ngozi juu ya mfupa wa shavu, na ukoma huvipata kwa urahisi. Kope la chini linalegea, jicho halifumbi. Ukoma huo huo waweza kuua vitawi vya neva ya 5 juu ya kioo cha jicho. Basi mlango hauna wa kuufunga, na mlinzi amelala. Ndivyo watu wengi wa zamani walivyopofuka.

Siku hizi wagonjwa wa ukoma ni wachache sana nchini Kenya, na jambo hilo ni zuri. Lakini uchache huo una hatari yake: watu hawautambui tena. Doa jipya shavuni linaitwa choa au mashilingi, na mtu ananunua dawa ya kupaka mwaka mzima. Kumbuka tofauti: choa huwasha. Doa la ukoma kwa kawaida haliwashi wala haliumi, na mara nyingi ukiligusa kwa unyuzi wa pamba mtu hasikii. Doa la namna hiyo likiwa usoni, hasa karibu na jicho, ni la kupelekwa hospitali mapema kabla neva haijapigwa.

Dawa ipo, na hailipiwi. Ni mchanganyiko wa dawa unaomezwa miezi 6 au 12, kulingana na aina. Mgonjwa akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Hana haja ya kutengwa, wala kukaa kiti cha nyuma katika mkutano wa kikundi. Kama neva imeanza kufa na bado haijapita miezi 6, prednisoloni yaweza kuirudisha. Baada ya hapo, kurudi ni vigumu. Kwa hiyo wakati ni dawa pia. Wale wanaoishi na mgonjwa nyumba moja nao wakaguliwe.

Tunaongeza neno kwa sisi watu wa mpakani. Wengi tuna mashamba huku na jamaa kule. Ukianza dawa Kenya kisha ukahamia kwa shangazi Tororo, beba kadi yako na umwambie mhudumu wako kabla hujaondoka. Dawa iliyokatizwa njiani ni hasara.

JINSI YA KUTUNZA JICHO LISILOFUNGA

Haya yatumike tangu siku ya kwanza, iwe ni Bell, ukoma au kiharusi:

1. Mchana, vaa miwani inayozuia upepo na vumbi. Mwendesha boda boda asiendeshe mpaka daktari amruhusu.

2. Tumia matone ya kulainisha jicho mara nyingi kama ulivyoagizwa. Usiku tumia dawa ya mafuta ya jicho kutoka kituo cha afya.

3. Kabla ya kulala, vuta kope la juu lishuke mpaka jicho lifunge kabisa, kisha lishikilie kwa plasta laini. Kope lisipofunga, usiweke kitambaa juu ya jicho, maana kitakwaruza kioo chake.

4. Mara nyingi kwa siku, fumba macho kwa nguvu kadiri unavyoweza. Mwenye ganzi ajizoeze kupepesa kwa makusudi, kwa mfano kila anapopita mlangoni au kuvuka mti.

5. Kila asubuhi jitazame kwenye kioo. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likififia au likitokeza doa jeupe, nenda hospitali siku hiyo. Usingoje kliniki ya wiki ijayo.

6. Usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, wala dawa ya jicho ya jirani. Baadhi ya dawa za macho zinazouzwa dukani zina nguvu za kuharibu kidonda cha jicho kikawa kikubwa.

Kama kope limebaki wazi miezi mingi, kuna upasuaji mdogo wa kulisaidia. Uliza hospitali ya kaunti ikuelekeze kwa wataalamu wa macho. Watu wengi wa magharibi huenda Sabatia, kaunti ya Vihiga.

BODA BODA NA KICHWA

Jina boda boda lilizaliwa hapa mpakani, wakati wa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Leo pikipiki zimejaa, na ajali pia. Kichwa kikigonga lami, neva za kichwa zinaweza kung'oka au kubanwa.

Neva ya 1 ndiyo huumia kimyakimya. Nyuzi zake hupita kwenye vitundu vidogo juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu hukatika. Majeruhi anapona, anarudi nyumbani, kisha mkewe anashangaa kwamba hasikii ugali unaoungua. Mtu kama huyo hawezi kutambua gesi inayovuja wala nyama iliyooza. Asaidiwe na wenzake nyumbani. Wakati wa korona pia wengi walipoteza harufu, lakini kwa wengi ilirudi, kwa kuwa kilichoumia zaidi ni chembe zinazoisaidia neva, si neva yenyewe.

Baada ya ajali, dalili hizi ni za hatari: mboni moja kubwa kuliko ya pili, kope lililoanguka, jicho lililopinda, damu au maji maangavu kutoka sikioni au puani, weusi kuzunguka macho yote mawili, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, uso kupinda hata siku kadhaa baadaye. Mboni moja ikianza kutanuka na mtu anapoteza fahamu, huenda damu inakusanyika ndani ya fuvu na kubana neva ya 3. Hapo dakika zinahesabiwa.

Tumeona majeruhi akibebwa mshikaki katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Tusifanye hivyo. Shingo yaweza kuwa imevunjika. Mlaze, shikilia kichwa na shingo visigeuke, tafuta gari lenye nafasi ya kumlaza. Na kofia ya pikipiki ni ya kuvaliwa kichwani na kufungwa kamba, si ya kuning'iniza mkononi mpaka polisi waonekane.

MASIKIO NA MKANDA WA JESHI

Neva ya 8 huumia kwa homa ya uti wa mgongo, na watoto wengi waliopona homa hiyo walibaki viziwi. Mtoto aliyepona apimwe masikio mapema, tusimwite mkaidi. Chanjo zinazozuia baadhi ya vijidudu vya homa hii zipo katika kliniki zetu: ya Hib tangu 2001, na ya nyumokoka tangu 2011. Mpeleke mtoto kwa tarehe zilizoandikwa.

Baadhi ya dawa nazo huumiza neva ya 8. Sindano za streptomaisini na kanamaisini zilizotumika kwa kifua kikuu ziliwaacha wengine viziwi. Ndiyo maana siku hizi vidonge vimechukua nafasi yake. Dawa yoyote ikileta mvumo masikioni, mwambie mhudumu mara moja. Usiache dawa kwa siri.

Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji na kope, umeshika neva ya 5. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini sana. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3. Tena, siku 3.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kaeni wawili wawili. Leteni sabuni, pamba, tochi na kikombe cha maji. Mmoja awe mpimaji, kisha mbadilishane.

– Anuse sabuni kwa kila tundu la pua, macho yamefumbwa. (Neva ya 1)
– Asome kalenda ukutani kwa jicho moja moja. (2)
– Mulika tochi kwa pembeni: mboni zote zikaze. Afuate kidole chako kwa macho pande zote. (3, 4, 6)
– Gusa paji, shavu na kidevu kwa pamba, kulia na kushoto. Aume meno. (5) Usiguse kioo cha jicho. Hiyo ni kazi ya daktari.
– Akunje paji, afumbe macho, aonyeshe meno, ajaze mashavu upepo. (7)
– Sugua vidole karibu na kila sikio. (8)
– Aseme "aaa" na ameze maji kidogo. Mtu mwenye dalili za kiharusi asipewe maji. (9, 10)
– Ainue mabega ukiyakandamiza. (11)
– Atoe ulimi nje. (12)

Mkiona tofauti kati ya kulia na kushoto, msicheke wala msitangaze. Mwambieni mhusika kwa upole na mumsindikize kituo cha afya. Mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chenu pia anaweza kusaidia kumpeleka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, mtu akipinda uso hupelekwa wapi kwanza? Anapoteza siku ngapi?
2. Je, mfuko wa kikundi una kiasi cha kusafirisha mgonjwa usiku? Nani mwenye namba ya mtu wa gari?
3. Yuko mtu kati yetu anayejificha kwa sababu ya uso wake au doa lake? Nani atamtembelea?
4. Waendesha boda boda wa steji yetu wangapi hufunga kofia zao?

YA KUKUMBUKA

Uso uliopinda ni habari kwamba njia fulani imekatika. Swali la kwanza lisiwe "nani amefanya?" bali "jicho linafunga?" Kama halifungi, lilinde sasa hivi, halafu mkimbize mgonjwa hospitali leo, si kesho.

Yule kijana wetu bado yuko stejini. Haendeshi usiku tena. Alipokubali tutumie habari zake bila jina, alitwambia jambo moja: mtu mwingine akipinda uso pale Malaba, aitwe yeye kwanza, atakuja na plasta mfukoni. Tunaomba kila kikundi kiwe na mtu wa namna hiyo.